Dumu Chini ya Pikapu

Ukipanda pikapu ya Mzee wa Ghala, amri ya kwanza ilikuwa kufunga dirisha na ya pili kufunga mdomo. Dirisha kwa ajili ya vumbi, mdomo kwa sababu alitaka kusikiliza kiyoyozi. Aliwasha injini, akabonyeza kitufe chenye picha ya theluji, kitu ambacho hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kukiona, kisha akainamia dashibodi kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Tulieni. Kuna kitu kinasema humu."

Mimi nilisikia injini, na viti, na mlango wa kushoto uliofungwa kwa kamba ya katani. Lakini nani angethubutu kumwambia? Alikuwa anakugeukia polepole, anakutazama kwa huruma, anasema, "Mwalimu, nyie mmezoea kusikiliza redio."

Nilikuwa jirani yake Newala miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: biashara, mipaka, marobota ya mitumba, midomo ya watu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari niliyefika na shahada, sanduku la vitabu na imani kwamba mji ule ulikuwa unanihitaji. Ulinihitaji kweli, ila kwa kiyoyozi. Mzee alikuta kitabu cha maelekezo ndani ya gari, kimeandikwa kwa Kijapani, akakileta kwangu amekishika kwa mikono miwili kama msahafu.

"Sijui Kijapani, mzee."

"Lakini umesoma."

Kwake mjadala ulikuwa umekwisha. Tangu siku hiyo, kila safari ya Masasi niliketi katikati ya kile kiti kirefu, kitabu mapajani, nikitazama michoro ya mishale na mabomba, na kutoa maoni ambayo leo nikiyakumbuka nageuza uso ukutani.

Jina lake lilitokana na kazi. Kwa miaka mingi alitunza ghala la korosho la chama cha ushirika. Siku wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, walikuja na malori yao, mizani yao na vijana wao wenye miwani ya jua. Ghala likabaki na panya, kisha likakodishwa kwa mmoja wa wale wale wanunuzi. Mzee alirudi nyumbani na tabia zote za ghala. Misumari iliyopinda aliinyoosha na kuipanga kwa ukubwa kwenye makopo ya maziwa. Uzi wa magunia aliufumua na kuuviringa. Aliwachukia wanunuzi kiasi cha kutema mate lori lao likipita, halafu msimu ukianza alikuwa wa kwanza kuwabebea magunia kutoka Mnyambe kwa pikapu yake. Ukimuuliza, anakujibu, "Mimi nabeba korosho. Sibebi mnunuzi."

Lakini kama unataka kumjua, mtazame na maji. Wote tuliokaa Newala tulikuwa na adabu ya maji: mji uko juu, maji yako chini bondeni, na bomba likikohoa hewa mara mbili unajua wiki hiyo utaoga kwa kikombe. Adabu ya Mzee ilipita yetu. Maji ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, maji ya vyombo yalikwenda kwenye mipapai, na akikukuta unanawa mikono chini pasipo beseni alikuwa anafumba macho kama mtu aliyechomwa mwiba. Na bado, mbele ya nyumba yake kulikuwa na pipa la maji ya mvua na kikombe kwa ajili ya wapita njia, na sikumwona hata siku moja akimuuliza mtu kwa nini amejaza mara mbili. Kunywa, sawa. Kumwaga ndiyo ilikuwa dhambi.

Maji ya chupa yalipoingia madukani aliyashika mkononi, akayageuza juu chini.

"Haya yanauzwa?"

"Ndiyo, mzee," akajibu mwenye duka.

"Na wanaoyanunua, kwao hakuna mvua?"

Pikapu aliipata kwenye mnada, mradi mmoja wa wageni ulipofungwa. Ilikuwa imechoka. Kulikuwa na nyingine pale pale, nzima zaidi, lakini haikuwa na kile kitufe cha theluji, naye alikitaka kitufe. Watu walimcheka. "Mzee anataka kupoa kama mkurugenzi," walisema kijiweni. Hawakujua, au walijua wakajisahaulisha, kwamba mke wake, Mama Zuhura, alikuwa na pumu, na kwamba msimu uliopita alikwenda hospitali juu ya lori la magunia, akafika Masasi kwa kubebwa, midomo ya bluu. Daktari wa hospitali ya misheni alimwambia Mzee waziwazi: vumbi la njia ile likimpata tena hivyo, asitegemee kurudi naye. Na kliniki ilikuwa kila mwezi.

Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa rahisi. Dirisha lifungwe, vumbi lisiingie. Dirisha likifungwa, ndani panakuwa tanuri, na joto nalo humbana kifua. Basi kiyoyozi kifanye kazi. Hiyo ndiyo sababu nilishindwa kumkasirikia vizuri. Kila nilipokaribia kukasirika, nilimwona yule mama amejifunika pua kwa upindo wa khanga, anatazama mbele.

Kiyoyozi kilifanya kazi kwa uzuri kabisa miezi ya mwanzo. Kisha kikaanza ugonjwa wa ajabu: kilikufa njiani tu. Kutoka Newala tuliondoka tukiwa na upepo wa baridi hadi Mama Zuhura anajifunga khanga ya pili. Tukishateremka na kukata mwendo katika mchanga, feni inakohoa, inanyamaza. Tunafika Masasi tumeiva. Fundi, mtu mnene mwenye kicheko, anakuja anapangusa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imekufa tena."

"Nani tena?"

"Eisii."

Fundi anafungua kisanduku cha fyuzi, anachomoa iliyoungua, anaweka mpya, anawasha. Baridi inatoka kama ya bucha. Tunasimama pale jua la mchana, pikapu inanguruma, Fundi ameweka mkono mbele ya tundu la upepo anatutazama mmoja mmoja.

"Mzee, hii imekufa, au mlinikumbuka tu?"

"Njiani imekufa."

"Basi ikifia njiani, mniite njiani. Hapa kwangu ni mzima."

Tukabadilisha kila kitu kinachobadilishwa. Gesi iliagizwa Dar es Salaam ikaja na basi. Mkanda ukafungwa mpya. Ule wavu wa mbele ya redieta ukaoshwa, ukatoa udongo wa kutosha kupandia mihogo. Nyaya zilizotafunwa na panya zikaungwa. Mimi, na kitabu changu cha Kijapani, niliwahi kutangaza kwamba kompresa ilikuwa inaelemewa na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Fundi alitoka chini ya gari, akaniuliza, "Mwalimu, unafundisha somo gani?" Nikamwambia historia. "Eeh," akasema, akarudi chini ya gari.

Na njia nzima, kila mwezi, Mama Zuhura alisema neno moja lile lile.

"Baba Zuhura, miguu yangu imelowa."

"Jasho hilo."

"Jasho gani linaanzia kwenye vidole?"

"Tulia kwanza, mama. Nasikiliza."

Sasa niseme habari za dumu. Halikuwa siri, nililiona tangu siku ya kwanza, nikalizoea kama nilivyozoea kamba ya mlango.

Gari lenye kiyoyozi hudondosha maji chini, upande wa abiria. Kuna mpira mdogo unaoyatoa nje. Mahali pengine watu huyapita bila kuyatazama. Mzee wa Ghala alipoliona lile tone la kwanza linaanguka kwenye mchanga wa Newala, sidhani kama alilala siku hiyo. Kesho yake alikuwa amefunga kidumu cha mafuta ya kula chini ya gari kwa waya, akauingiza ule mpira mdomoni mwa kidumu. Msimu wa korosho, kabla ya mvua, hewa ikiwa nzito, kidumu kilijaa njiani. Maji safi, hayana hata chumvi. Alitia kwenye betri yake na betri kubwa ambazo majirani waliwashia redio. Alitawadhia. Sheikhe mmoja wa Newala alitia shaka kama maji yaliyotengenezwa na mashine yanafaa kwa udhu, wakabishana uani kwa Mzee mpaka kahawa ikapoa.

"Mashine haitengenezi maji, sheikhe. Inayakamata."

"Inayakamata wapi?"

"Hewani. Hata wewe umeyavuta sasa hivi, huyajui tu."

Sheikhe aliondoka na shaka yake, lakini nilimwona baadaye akijaziwa chupa.

Tatizo la kidumu lilikuwa vumbi. Mdomo ulikuwa wazi kuzunguka ule mpira, maji yakafika yakiwa mekundu. Mzee akakata utepe wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha mdomoni, akaukaza kwa meno mpaka hata chungu asingepenya. Alinionyesha kwa fahari. Nikamsifu. Na tulipokaribia Masasi, pale Lisekese, ilikuwa desturi yake kusimama, kulifungua dumu, kutawadha, kuswali, kisha kulificha nyuma ya kiti. Maana Fundi alikuwa anauza maji ya betri, na Mzee aliamini jamaa akiyaona yale atambembeleza amuuzie. Wakati wa kurudi, tukishaupita mji, dumu linafungwa tena kwa waya, linakazwa tena kwa meno.

Msomaji amekwisha kuona. Sisi watatu, tuliokuwa tumeketi juu ya jambo lenyewe, mmoja wetu akiwa amelowa miguu, hatukuona.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya msimu. Malori ya wanunuzi yalikuwa yanafukuzana, na kila moja liliacha ukuta mwekundu usioshuka. Dawa ya Mama Zuhura ilikuwa imeisha kabla ya siku ya kliniki, na kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi tangu alfajiri. Tukateremka na upepo wa baridi. Feni ikakohoa. Ikanyamaza.

"Tulieni," akasema Mzee.

"Mzee, hapana," nikasema. "Leo usisikilize. Endesha."

Akaendesha. Ndani pakaanza kuchemka. Nikagusa kishikio cha dirisha, Mama Zuhura akanizuia mkono. Lori lilikuwa mbele yetu, na nje hapakuwa na kitu ila udongo unaoelea. Alikuwa ameegemea dashibodi kwa viganja, mabega yakipanda na kushuka. Hakuwa anaongea tena. Nilipotazama chini niliona maji yamefika kwenye kamba za viatu vyake, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilichofikiri ni kwamba paa linavuja, mwezi ambao mvua haijanyesha.

Ndipo gurudumu likapanda kisiki. Chini ya gari pakalia kama bati linalochanwa. Mzee akakanyaga breki.

"Dumu!"

Akafungua mlango, akashuka, akaanza kurudi nyuma kwa miguu.

"Mzee! Mgonjwa huyu!"

"Nakuja!"

Akamezwa na vumbi. Mtu ambaye alinunua gari zima kwa sababu ya kifua cha mke wake, alimwacha mke wake anatafuta pumzi akaenda kutafuta kidumu cha mafuta ya kula. Nilipiga dashibodi ngumi. Nilitamka maneno ambayo sikuwahi kuyatamka mbele ya mtu wa umri wa mama yangu, naye, kwa pumzi ile ndogo aliyokuwa nayo, akatikisa kichwa kukubaliana.

Kisha akainua kidole, akanionyesha chini, upande wake. Nikasikia maji. Nikashuka. Ule mpira ulikuwa unaning'inia peke yake, na maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, yanachimba mchanga. Nikarudi ndani, viatu vya Mama Zuhura vikawa juu ya sakafu tupu. Bwawa lote lilikuwa linaondoka. Nikachukua fyuzi katika zile tulizokuwa tunatembea nazo kama karanga, nikaiweka, nikazungusha ufunguo. Feni ikanguruma, ikatutemea matone usoni. Halafu baridi ikaja.

Mama Zuhura alisogeza kifua chake mpaka kwenye tundu la upepo, akafungua khanga shingoni, akafumba macho. Nikahesabu pumzi zake. Filimbi haikuisha, lakini iliachana. Kati ya moja na nyingine kukawa na nafasi.

Mzee akarudi amelikumbatia dumu lililopasuka ubavu. Aliona ule mchanga uliolowa kabla hajatuona sisi.

"Nani kayamwaga?"

Hapo nikalipuka. Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, kwamba ameliziba dumu, kwamba hewa iliyomo haina pa kutokea kwa hiyo maji hayana pa kuingia, ni kama faneli iliyobana kwenye mdomo wa chupa ya mafuta ya taa, kila mtoto wa Newala anajua mafuta hayashuki mpaka uinyanyue kidogo. Maji yanarudi juu, yanajaa, feni inayapiga, fyuzi inaungua. Akifika Masasi analificha dumu, maji yanatoka, gari linapona, Fundi anacheka. "Miezi yote hii, mzee! Miezi yote!" Niliongea kana kwamba nililijua jambo hilo tangu chuo kikuu, wakati nilikuwa nimelijua tangu dakika ile.

Yeye hakunitazama. Alikuwa anamtazama mke wake.

"Nnungu wangu," akasema Mama Zuhura polepole, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao kama alivyofanya kila alipochoka na mumewe. "Baba Zuhura. Mimi na dumu lako tulikuwa tunakosa kitu kimoja."

Mzee aliingia, akafunga mlango bila kuubamiza. Akaweka mkono mbele ya upepo. Akainamisha kichwa, akasikiliza, kwa muda ambao kwa mara ya kwanza sikuuona mrefu.

"Hakisemi kitu," akasema. Kisha akaendesha kama sijapata kumwona akiendesha. Tulipita Lisekese bila kusimama. Hakuswali mpaka alipomwona mkewe kitandani na hewa ya mtungi puani, na udhu alichukua kwenye bomba la hospitali, akiwa ameliacha wazi. Dumu bovu lilikuwa nyuma ya kiti. Njiani aliniomba nilishike lisidondoke.

Mnaweza kudhani alibadilika. Alipata dumu jingine, akalitoboa kitundu kwa msumari wa moto karibu na mdomo, akakifunika kwa kitambaa chepesi, na kiyoyozi hakikufa njiani tena. Sokoni alikuwa anasimulia jinsi alivyogundua kwamba dumu lazima lipumue. "Mwalimu alibisha sana," alikuwa anamalizia. Niliwahi kusimama nyuma yake akiyasema hayo. Aligeuka, akaniona, akaendelea.

Nilihama Newala, nikawa mtu wa semina na makala. Miaka mingi baadaye nilirudi kwa harusi ya mwanafunzi wangu wa zamani, na nikiwa nasubiri usafiri wa kwenda Mnyambe nikasikia honi ninayoijua. Pikapu ilikuwa imebadilika rangi mahali pengi, na Mzee alikuwa amepungua ndani ya koti lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Panda. Bado unasoma Kijapani?"

Nikapanda. Habari za Mama Zuhura nilizipata nikiwa mbali: alifariki mwaka uliotangulia, nyumbani, mbali na barabara na vumbi lake. Nilimpa pole. Akaitikia kwa kichwa, akawasha gari, akabonyeza kitufe cha theluji. Kisha akashusha dirisha lake mpaka chini, akaniagiza nishushe langu.

Vumbi likaingia kama mgeni aliyeitwa. Baridi ikawa inatoka dashibodini na kwenda moja kwa moja nje, kuwapoza mbuzi wa barabarani. Nilivumilia mpaka meno yangu yakawa yanasaga mchanga.

"Mzee, ukiwasha eisii, funga dirisha. Unaunguza mafuta bure."

"Ukifungua, yanapatikana mengi zaidi."

"Nini?"

"Maji. Nimelipima jambo hili. Hewa ya nje imeyabeba mengi." Akanitazama kwa ile huruma yake. "Tulia, Mwalimu."

Nje kidogo ya mji akaacha barabara, akasimama kando ya makaburi. Akainama kwa shida, akalifungua dumu, akanipa nilibebe, akatangulia. Njia ilikuwa na vishimo, nami nilikuwa nimevaa viatu vya harusi.

"Unamwaga," akasema bila kugeuka.

"Simwagi, mzee."

"Nasikia."

Kaburi la Mama Zuhura lilikuwa limefagiwa. Kichwani palikuwa na mche uliokuwa umeanza kushika, majani yake safi, hayana vumbi, mtu ameyapangusa. Mzee alilichukua dumu, akalielekeza chini, akayamimina maji yote kwenye udongo, taratibu, bila beseni, bila kikombe, mpaka mchanga ukaacha kuyanywa na kuanza kung'aa. Alilitikisa lidondoshe la mwisho.

Nilirudi hatua moja, viatu vya harusi visilowe.

Akaketi juu ya visigino, akalipakata dumu, akakitafuta kile kitundu kwa kidole. Kilikuwa kimeingia udongo. Akaokota kijiti, akakizibua, akalipeleka dumu sikioni, akasikiliza.

"Twende," akasema. "Utachelewa harusi."